Bonge la Chumvi Mezani

Kabla hajakaa, alilihamisha lile bonge la chumvi mara tano. Alipoliweka katikati ya meza likavimeza vitu vingine vyote. Alipolisogeza kando ya taa ya mgodini, vikawa kama majirani wasiosalimiana. Akalijaribu juu ya daftari, akalijaribu nyuma ya birika, akaguna. Mwishowe akaliweka ukingoni kabisa, sehemu yake ikiwa nje ya meza, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi hafifu.

"Sasa iko na woga kidogo," akasema. "Hapo sawa."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya, kama nilivyoagizwa.

Tulikuwa Bwera, uani kwa nyanya yake, mwendo mfupi wa bodaboda hadi Mpondwe ambako Mto Lhubiriha unaitenga Uganda na Kongo. Kiswahili chake ni cha mpakani. Kimevuka daraja kutoka Kasindi pamoja na vitenge, na neno "iko" linafanya humo kazi ya vitenzi kumi bila kuchoka. Changu ni cha Kasese, mji uliofikiwa na reli mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na uliochanganya watu hadi ikabidi wapate lugha ya kupigiana soga. Tunaelewana vizuri. Ananiita yaya, kama wanavyomwita kaka au dada mkubwa upande ule, nami namwita mdogo wangu. Ni binti wa miaka ishirini na kidogo, anauza maharagwe sokoni pamoja na mama yake, na jina lake siliandiki kwa sababu aliniomba hivyo. Picha ni zangu, alisema, jina ni la baba.

Kazi yake ni kujipiga picha. Watu wangesema selfi, nami sina ugomvi na neno hilo, ila kwa kawaida selfi huchukua muda wa kunyoosha mkono na kutabasamu. Ya kwake huanza siku mbili kabla, kwa kuzunguka ukooni akiazima vitu. Huketi nyuma ya meza ambayo kila kilichowekwa juu yake kina sababu ya kuwepo, na uso wake huingia mwisho, ukiwa kitu kimoja zaidi cha kupangwa.

Asubuhi ile mezani palikuwa na vitu vinne. Bonge la chumvi ya mawe kutoka Ziwa Katwe, la rangi ya kijivu lenye mishipa ya waridi, lililopasuliwa chini ya maji ya ziwa na watu wanaosimama humo saa nzima ngozi ikiwawasha. Taa ya kichwani ya mchimbaji, ya babu yake aliyefanya kazi Kilembe; betri yake ilikufa zamani, na mgodi wenyewe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Birika la bati. Na daftari la shule, lenye jalada lililokunjika pembeni, nusu limeandikwa na nusu jeupe.

Nilimuuliza kwa nini hakutandika kitenge, maana nyumba ile ina vitenge vya kuweza kufunika uwanja wa mpira.

"Kitenge inaongea sana, yaya. Ikiongea, hii vitu ingine inanyamaza."

Nyuma ya kiti alikuwa ametundika blanketi la kahawia lisilo na maua, lile la bei rahisi ambalo kila shule ya bweni inalijua. Sijui profesa wa sanaa angeeleza jambo hilo kwa kurasa ngapi.

Ustadi wenyewe uko kwenye mwanga. Mlango wa nyuma unatazama mashariki. Hapa, karibu na ikweta, jua halikupi nafasi ya kujipanga: linachomoza kwa haraka, na kufikia saa tano limeshakukalia utosini, linakuchimbia mashimo meusi chini ya nyusi na kukupaka mafuta puani. Kwa hiyo ana kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na ndani ya muda huo kuna dakika chache tu ambapo mwanga unapita mlangoni kwa mshazari, unagusa ukingo wa meza, unapanda shavuni na kuishia sikioni. Upande wa kivuli ameegemeza gunia jeupe la sukari, limefuliwa na kubanwa kwenye mpini wa ufagio. Akilisogeza shubiri moja, kivuli cha chini ya kidevu kinalainika. Akilisogeza shubiri mbili, uso unakuwa bapa kama wa kitambulisho. Nilimwona akilisogeza upana wa vidole viwili, kisha akirudisha kimoja.

Simu imekaa kwenye kidumu cha plastiki kilichokatwa na kujazwa mchanga ili isianguke. Hatumii kamera ya mbele. Ile ya mbele, ukiishika kwa urefu wa mkono, huvuta pua mbele na kurudisha masikio nyuma, na kioo chake hukuonyesha kushoto kulia, ndiyo maana wengi hawaipendi sura yao wakiiona kwenye picha waliyopigwa na mwingine. Anatumia ya nyuma, kwa umbali wa hatua tatu, na anaweka hesabu ya sekunde kumi. Tatizo ni kwamba ya nyuma haimwonyeshi alivyokaa. Hapo ndipo anapoingia mdogo wake wa kiume, anayeketi kitini badala yake wakati dada mtu akipima, na malipo yake ni mandazi mawili, moja kabla ya kazi na moja baada.

Kuna jadi ya zamani ambayo meza hii ni jamaa yake, ingawa hakuitafuta huko. Katika karne ya 17, wachoraji wa Uholanzi na Flandria walikuwa wakipanga mezani fuvu la kichwa, mshumaa uliozimwa, shisha ya mchanga, maua yanayokaribia kunyauka na sarafu, na kila mtazamaji alijua kusoma: maisha yanapita, mali haifuatani na mtu. Aina hiyo ya picha inaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya ubatili, ubatili ule ule anaoulalamikia Mhubiri katika Biblia. Baadhi ya wachoraji wakaamua kujitia wenyewe ndani. Clara Peeters, aliyefanya kazi Antwerp, alichora mwaka 1612 vikombe vya dhahabu mezani, na ndani ya vinundu vya kikombe, ukikaribia sana, unamwona yeye mwenyewe, mdogo kuliko punje ya mahindi, amesimama na kibao chake cha rangi. Amejirudia mara kadhaa kwenye kikombe kimoja. David Bailly wa Leiden, mwaka 1651, alikuwa na umri wa miaka 67. Alimchora kijana mwenye fimbo ya mchoraji mkononi, ameketi kando ya meza ya fuvu na mapovu ya sabuni, ameshika picha ndogo ya mzee. Mzee ndiye Bailly wa siku ile. Kijana ni Bailly aliyekwisha kupita. Ukiliona hilo, unarudi kuitazama picha upya kana kwamba mtu ameigeuza ndani nje.

Nilimwonyesha binti picha hizo mbili kwenye simu yangu. Kwa Bailly alitikisa kichwa, akasema mapovu ni mengi. Kwa Clara Peeters alikaa kimya kwa muda, akakuza ile sehemu ya kikombe mpaka ikawa madoadoa. Kisha akainuka, akachukua birika la bati, akaenda nalo jikoni, na nikasikia akilisugua kwa jivu.

Lakini nisimfanye mwanafunzi wa Ulaya. Sisi wenyewe tuna mtu aliyepanga meza ya namna hii kwa maneno. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliyapitia majumba ya matajiri wa kisiwa cha Pate chumba kwa chumba, akahesabu taa, vyombo vya kaure na vidaka vya ukutani, akaonyesha yaliyobaki baada ya wenyewe kuondoka. Hakuhitaji fuvu. Kidaka kitupu kilitosha. Msomaji wa Kiswahili anayedhani kwamba kusoma vitu ni mambo ya majumba ya makumbusho ya Ulaya, akaanzie Pate.

Na studio zetu je? Kuanzia Mombasa hadi Kampala, mteja wa zamani hakuingia studio peke yake. Aliingia na saa ya mkono iliyovutwa ionekane, redio ya mbao, maua ya plastiki, kalamu tatu mfukoni, simu ya mezani isiyounganishwa na popote. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikizicheka picha hizo. Sasa naona kwamba mpigapicha na mteja walikuwa wanaandika sentensi pamoja, na kila kitu kilikuwa neno. Huko Lamu, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi, akikata picha na kuzibandika upya hadi mtu akaonekana mahali ambapo mwili wake haukupata kufika. Kwa Kiganda picha ni ekifaananyi, kitu kinachofanana. Naipenda asili hiyo kuliko ya neno letu "picha", ambalo tuliliazima kwa Waingereza. Swali linabaki: kinafanana na nini? Na uso peke yake, au na uso pamoja na vinavyouzunguka?

Jibu la ajabu kuliko yote lilitoka Gulu, kaskazini mwa nchi hii. Mpigapicha Mwitalia Martina Bacigalupo alikuta kwenye studio kongwe ya mji huo picha za watu zisizo na nyuso, mahali pa kichwa pakiwa na tundu la mraba. Watu walikuwa wamekuja kutafuta picha moja ya kitambulisho. Mashine iliyokuwapo ilitoa nne kwa mpigo, na mteja hakutaka kulipia nne. Basi wakapigwa picha kubwa, uso ukakatwa, na kilichobaki kikatupwa kando. Bacigalupo alivikusanya vilivyobaki, na mwaka 2013 vikatolewa kuwa kitabu. Hakuna uso hata mmoja, lakini huwezi kusema hakuna watu. Kuna mikono iliyokunjwa magotini, mtoto aliyepakatwa, vidole vyenye udongo, koti la studio linaloazimwa na kila mmoja, likiwa pana kwa huyu na la kubana kwa yule. Serikali ilichukua uso. Maisha yakabaki kwenye karatasi iliyotupwa.

Nilimsimulia hadithi hiyo. Hakushangaa. "Uso ni ya kipande," alisema, akimaanisha kitambulisho. "Mikono ni ya mtu."

Labda ndiyo sababu anaitesa mikono yake kuliko sura. Siku ile aliiweka juu ya daftari, akaiondoa. Akaishikisha taa, akaona inajidai. Akaiacha imelala mezani viganja chini, ikaonekana kama ya mtu anayehojiwa polisi. Niliona pia kwamba alikuwa amefuta rangi ya kucha, ila kwenye kidole gumba cha kulia. Nilitaka kuuliza, nikakumbuka nimeagizwa kunyamaza.

Kuhusu daftari hakunieleza chochote, nami sikuuliza, kwa sababu mtu akiwa Bwera hahitaji kuelezwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, ilivamiwa na waasi, na zaidi ya watu 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Daftari lililoandikwa nusu, mezani, mbele ya blanketi la bweni. Mholanzi angeweka fuvu. Yeye aliweka kurasa nyeupe, akaligeuza daftari kidogo ili mwanga uangukie upande ambao haujaandikwa. Kugeuza kule kulimchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile, na alikufanya kwa ncha za vidole, kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini.

Saa moja na dakika arobaini mwanga ukafika mlangoni. Akamfukuza mdogo wake kitini. Birika, lililosuguliwa na sasa linang'aa, alilikalisha upande wa kushoto, tumbo lake likielekea simu. Akabonyeza, akakimbia, akakaa. Kumi, tisa, nane. Kuku akapita. Picha ya kwanza ikawa ya kuku.

Ya pili alikuwa amekaza shingo. Ya tano wingu lilipita, vitu vyote vikafa kwa pamoja. Ya tisa nyanya alitokea mlangoni kuuliza nani amechukua birika lake, na nasikitika hakuihifadhi, kwa kuwa uso wa yule mama katikati ya mlango ulikuwa na amri ambayo hakuna mpangaji angeipata. Nilihesabu mpaka ishirini na sita, nikaacha. Kati ya picha na picha alikuwa akirudi kwenye simu, anatazama, anakwenda mezani na kurekebisha jambo ambalo mimi kwa macho yangu nilikuwa siwezi kuliona. Mara moja alichukua bonge la chumvi, akalilamba kidogo upande mmoja, akalirudisha. Nilidhani ni mzaha. Kumbe pale lilipolowa, mishipa ya waridi iliamka.

Watu husema simu imeua kazi ya picha: kila mtu anapiga, hakuna anayetazama. Nakubali nusu. Nimesimama mara nyingi kwenye ile pete ya ikweta karibu na Kikorongo, ambapo barabara ya kutoka Kasese inakaribia njia panda ya Bwera, nikaona magari yakisimama, watu wakishuka, wakijipiga, wakipanda tena kabla injini haijapoa. Milima ya Rwenzori iko nyuma yao na hawaigeukii. Kwa kweli milima yenyewe mara nyingi imejifunika. Mwaka 1906 mpigapicha Vittorio Sella alipanda huko na msafara wa Duke wa Abruzzi, akibebewa kamera nzito, akangojea mawingu yafunguke ili apate vilele. Kungojea kule kunaonekana ndani ya picha zake hadi leo. Chombo cha binti huyu kinaingia mfukoni na hakimgharimu filamu, lakini kungojea kwake ni kule kule. Kwa hiyo siilaumu simu.

Picha aliyoichagua ilipigwa karibu saa mbili na robo. Amekaa kidogo nje ya katikati. Hatabasamu wala hajanuna. Anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya simu, ingawa nyuma ya simu hapakuwa na mtu. Mkono mmoja umeshika ukingo wa meza karibu na bonge la chumvi, kama wa mtu aliye tayari kulidaka likianguka, na gumba lenye rangi ya kucha ndilo kitu chekundu pekee kwenye picha nzima. Taa ya mgodi imeelekezwa kwake, imezimika. Daftari linang'aa. Na ndani ya tumbo la birika, ukisogeza macho karibu, kuna mlango mdogo wa mwanga, kidumu kilichokatwa, na upande wa kulia kabisa mwanamume juu ya ndoo. Ni mimi.

"Nilikwambia unyamaze, yaya," akasema akicheka. "Sikukwambia utoke."

Nilimwomba faili, nikaenda nalo Kasese kulichapisha. Nakiri niliingia kwa mashaka. Studio moja ya mjini, ambayo sitaitaja, iliwahi kunisafisha uso kwa kompyuta katika picha ya pasipoti hadi mama yangu akauliza huyu ni mtoto wa nani. Safari hii nilisimama nyuma ya kijana wa mashine nikamwambia asiongeze mwanga, asilainishe ngozi, asiguse kitu. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu upande mmoja wa uso ulikuwa na giza. Nikamwambia giza hilo limetafutwa tangu alfajiri. Karatasi ina faida ambayo mtu wa Kasese haisahau: mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2013 yalipoingia kwa shangazi yangu yaliondoka na kila fremu iliyokuwa ukutani, na tangu hapo familia yetu huchapisha nakala mbili na kuzitenganisha kwa nyumba. Nikachapisha mbili.

Moja ninayo mimi. Ya pili niliipeleka Bwera Ijumaa, siku ya soko, na nyanya akaitazama akiwa ameishikilia mbali na macho, kwa mikono miwili. Alimtambua mjukuu wake, akalitambua birika, akaitambua taa ya mumewe na akakaa nayo kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa meza.

"Hii chumvi," akasema, "iko ya mbuzi yangu."

Ilikuwa kweli. Taa imerudi kwa mjomba, birika limerudi jikoni na limeanza tena kushika masizi. Bonge la chumvi liko zizini nyuma ya nyumba, mbuzi wameshalilamba katikati hadi limekuwa na umbo la bakuli.